Dar hadi Guangzhou ni saa ngapi? Soma tiketi vizuri kabla hujaachwa na ndege

Kwa mwenye fremu mtaa wa Kongo au Aggrey, Guangzhou ni kama Kariakoo ya pili. Nguo, viatu, kava za simu, mzigo mwingi unatoka huko. Lakini muulize anayekwenda mara ya kwanza safari ni saa ngapi: atafungua tiketi, atahesabu, na atakosea.

Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 8,700. Ndege ya moja kwa moja aina ya Boeing 787 Dreamliner hutumia takriban saa 10 na nusu. Ukipitia Addis Ababa au Dubai unafika karibu kilomita 9,800 (njia zote mbili zinakaribia kulingana, ukipima kwenye ramani utashangaa). Hizo kilomita za ziada ni kama saa moja na nusu tu hewani. Kinachokula muda ni kusubiri ndege ya pili: saa 3 ukiwa na bahati, usiku mzima kama ulikimbilia tiketi ya bei chee.

Sasa mbona tiketi inaonyesha saa nyingi zaidi? Saa zinazoandikwa ni za mji husika, na China iko mbele yetu kwa saa 5. Ukiruka Dar 11:00, yaani saa 5 asubuhi, utatua Guangzhou 02:30 ya kesho yake. Ukitoa moja kwa nyingine unapata saa 15 na nusu. Toa 5, ndiyo safari yenyewe. Kurudi ni kinyume, tiketi itakudanganya kwamba ni saa 6 hivi.

Wapo wanaounganisha na Bangkok kufuata nguo. Bangkok hadi Guangzhou ni kama kilomita 1,700, mara mbili ya Dar hadi Mwanza kwa ndege, chini kidogo ya saa 3. Bangkok iko nyuma kwa saa 1, kwa hiyo kwenda inaonekana ndefu na kurudi inaonekana fupi. Angalia viza pia: kama ya China ni ya kuingia mara moja, ukishatoka kwenda Bangkok huwezi kurudi nayo kumalizia mzigo.

Balaa kubwa ni tiketi za usiku wa manane. Tiketi ikisema Ijumaa 02:10, ni saa 8:10 usiku wa kuamkia Ijumaa. Mtu anafunga duka Ijumaa jioni, anaaga, anafika uwanjani na mabegi, kumbe ndege ilishaondoka tangu alfajiri, na kubadilisha tarehe ni hela nyingine. Kwa tiketi hiyo, kuwa uwanjani Alhamisi saa 5 usiku.