Bawabu Hafukuzwi kwa Kuuliza

Methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu nimeifundisha kwa miaka mingi, nisijue kuwa guu langu lingevunjikia mbele ya tarakilishi. Nayasimulia masaibu haya si kwa kutaka kuhurumiwa, bali kwa kuwa walimu na wanafunzi wengi wa lugha siku hizi huhifadhi data za utafiti wao katika hifadhidata, na yamkini wengine wanalielekea shimo lile lile nililotumbukia mimi.

Chombo nilichokitumia huitwa MySQL Workbench. Kwacho mtu huchora majedwali ya hifadhidata yake, na humo humo hupata kihariri cha kuandikia amri za SQL, lugha iliyobuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM katika miaka ya 1970. Kihariri hicho kina ukurasa wa mapendeleo, ambapo mtumiaji huchagua aina ya herufi, upana wa kujongeza mstari na mengineyo. Wengi wetu hudhani kuwa huo ni ukurasa wa mapambo. La hasha!

Chukua mfano wa kikomo cha safu. Chombo hiki, kisipoguswa, huleta safu 1000 tu za jibu. Mwanafunzi anayeomba orodha ya nomino zote, akaletewa 1000 kamili bila kujua kuna kikomo, aweza kuandika tasnifu nzima juu ya lugha iliyokatwa mkia.

Langu mimi lilikuwa zito zaidi. Nilikuwa na jedwali la maneno zaidi ya elfu mbili, kila nomino na ngeli yake. Siku moja nikaona kwamba neno kiboko, yule mnyama wa mtoni, limewekwa katika ngeli ya KI-VI badala ya A-WA. Nikaandika amri ya kulisahihisha, nikataja sharti kuwa neno liwe kiboko. Amri ikakataliwa. Katika mapendeleo mna kisanduku cha usalama ambacho, kikiwa na alama, huzuia amri yoyote ya kubadilisha au kufuta safu isiyotaja ufunguo wa jedwali, nami nilikuwa nimetaja neno badala ya nambari yake. Kwa hamaki nikaiondoa alama. Chombo kikanitaka niunganishe upya na seva ndipo badiliko lifanye kazi; hata fursa ya kutafakari nilipewa, nisiitumie.

Kiboko kikasahihishwa. Neno lililofuata nikaliandikia amri kwa haraka, nikasahau sharti lenyewe. Kufumba na kufumbua, meza, ukuta, maji na jino vyote vikawa na uhai katika A-WA! Na kwa kuwa kihariri huidhinisha kila badiliko papo hapo kisipoelekezwa vingine, hapakuwa na njia ya kurudi nyuma. Nakala yangu ya akiba ilikuwa ya wiki tatu zilizopita. Kazi ya wiki hizo nikaianza upya, neno baada ya neno.

Baadaye niligundua kuwa katika programu ya mysql, ile inayoandikiwa amri bila madirisha, kinga hiyo ina majina mawili. La kwanza ni --safe-updates. La pili ni --i-am-a-dummy, yaani "mimi ni bwege". Waliolibuni walikuwa na mzaha, lakini mzaha wenyewe una hekima: anayekiri kuwa aweza kukosea hulindwa, na anayejiona mjuzi huachwa na ujuzi wake.

Nawasihi walimu wenzangu, tusiwafundishe wanafunzi mahali pa kubofya tu. Tuwafundishe kila kisanduku kinazuia nini. Amri ikikataliwa, taja ufunguo wa jedwali badala ya kuondoa kinga. Ukilazimika kuiondoa, kwanza zima uidhinishaji wa papo hapo na uweke nakala ya akiba. Bawabu akikuuliza jina langoni, si adui yako. Mimi nilimfukuza wangu, na usiku huo huo nyumba ikavunjwa, mvunjaji akiwa ni mimi mwenyewe.