Kilo Ngapi Ndani ya Koili?

Mwaka 1871, msafiri Henry Morton Stanley alipopita Ukonongo, katika nchi ambayo leo ni Katavi, msafara wake ulibeba nguo, shanga na masango, yaani nyaya nene, ya shaba njano. Masango hayo yalinunuliwa Unguja kwa uzito: frasila 10, yaani ratili 350, karibu kilo 159. Fundi wa Mpanda anayeletewa koili ya mkanda wa shaba hiyo naye hujiuliza uzito wake, hasa kabla ya kulipia nauli ya mzigo. Mizani ikiwa mbali, rula inatosha kumpa jibu la awali.

Pima vitu vitatu kwa sentimita: kipenyo cha nje, kipenyo cha tundu la katikati, na upana wa mkanda. Zidisha kila kipenyo kwa chenyewe, kisha toa jibu dogo katika jibu kubwa. Kinachobaki kizidishe kwa 0.785, halafu kwa upana. Huo ndio ujazo. Kila sentimita ya ujazo ya shaba njano ina takriban gramu 8.5; kiasi hicho hupanda au kushuka kidogo kulingana na zinki iliyochanganywa na shaba nyekundu.

Tuseme kipenyo cha nje ni sentimita 40, cha tundu 20, upana 5. 1,600 ukitoa 400 zinabaki 1,200. Ujazo ni 4,710, na uzito ni kama kilo 40.

Hesabu hiyo inaamini kwamba mkanda umebanana. Ukilegea, unapima na hewa. Kwa hiyo hesabu mizunguko. Kama mkanda una unene wa milimita 0.5, koili iliyobana ingekuwa na mizunguko 200. Ukikuta 150, uzito halisi ni kilo 30 tu, ingawa kwa nje ukubwa ni uleule. Waya wa mviringo una hila zaidi: hata ukipangwa vizuri, nafasi hubaki kati ya waya na waya, hivyo kanuni hii huuzidishia kilo.

Unene nao upime kwa mikromita. Kukosea milimita 0.05 kwenye mkanda wa milimita 0.5 ni kukosea asilimia 10.

Makadirio haya yanakusaidia kupanga usafiri na kushtukia bei isiyolingana na mzigo. Wakati wa kulipana, dai mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo.