Kijiti cha baharia kinavyoweza kuokoa maisha duarani
Na Mwandishi Wetu, Ushirombo

UKITAJA Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, wengi hukumbuka dhahabu, tumbaku, pamba na malori yanayopita kuelekea Rwanda na Burundi. Ni nadra mtu kutaja kamba. Hata hivyo, katika wilaya hii iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga kabla ya kuingia Mkoa mpya wa Geita mwaka 2012, kipato cha wananchi wengi kinaning'inia kwenye kamba.

Mchimbaji mdogo huitegemea kushuka duarani na kuvuta mifuko ya mawe kwa winchi ya mkono. Mfugaji hufungia ng'ombe, mrina asali hupandishia mzinga mtini, na kina mama hutekea maji kisimani. Kabla ya kamba za dukani kuenea, wazee walisokota zao kwa magome ya myombo na kwa mkonge uliopandwa kuwa ua wa shamba.

Tatizo huanza kamba inapokatika. Wengi hupiga fundo, kazi ikaendelea. Fundo hilo huonekana kuwa la bure, kumbe lina gharama kubwa.

Ndani ya fundo kamba hupinda ghafla. Nyuzi za upande wa nje wa kona hubeba karibu mzigo wote, huku za ndani zikibanwa bila kusaidia. Matokeo yake, fundo la kawaida hupunguza nguvu ya kamba kwa karibu nusu.

Tuchukue mfano. Kamba mpya inakatika ikibebeshwa kilo 1,000. Kanuni ya usalama inayotumiwa sana ni kutoipa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito huo, yaani kilo 100. Ikishapigwa fundo, inabaki na uwezo wa kilo 500, na mzigo salama unashuka hadi kilo 50. Huo ni mfuko mmoja wa mawe. Mtu mzima tayari ameuzidi.

Mabaharia wa majahazi wa Zanzibar, Lamu na Bagamoyo walilijua jambo hili zamani. Henza, kamba inayopandisha tanga, haiwezi kuwa na fundo katikati kwa sababu fundo litakwama kwenye kapi. Amari, kamba ya nanga, ikikatika usiku wa dhoruba chombo kinakwenda mwambani. Kwa hiyo walijifunza kuunga kamba kwa kuisuka, na kamba iliyosukwa vizuri hubaki na takriban asilimia 90 ya nguvu yake.

Vifaa vyao ni vichache. Cha kwanza ni kijiti cha mti mgumu, kinene upande mmoja na chenye ncha butu upande wa pili, kilicholainishwa kisikwaruze nyuzi. Kamba ngumu hufunguliwa kwa msumari mnene wa chuma. Vingine ni kisu kikali na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia na matanga. Fundi seremala yeyote wa Ushirombo anaweza kuchonga kijiti hicho kwa kipande cha mpingo au mninga kilichobaki.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Kamba nyingi husokotwa kwa nyuzi nene tatu. Fungua nyuzi hizo kwenye ncha zote mbili, kisha zikutanishe kwa kupishanisha. Kwa kijiti, inua uzi mmoja wa kamba ya pili na upitishe uzi wa kamba ya kwanza chini yake: juu ya mmoja, chini ya unaofuata. Ukimaliza nyuzi zote tatu umekamilisha mzunguko mmoja. Fanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Kamba ya mkonge inahitaji angalau mizunguko mitatu kila upande. Ya nailoni au plastiki, kwa kuwa huteleza, iongezewe hadi mitano.

Faida ya pili ya kijiti ni ukaguzi, na pengine hii ndiyo kubwa zaidi kwa mchimbaji. Kamba ya mkonge inayolowa duarani huoza kutoka ndani, huku nje ikionekana nzima. Mchanga ulioingia katikati ya nyuzi nao huzikata kidogo kidogo, hata kama ni za nailoni. Ingiza kijiti, fungua nyuzi, utazame. Ukiona unga, weusi au nyuzi fupi zilizokatika, kamba hiyo imekufa. Isiungwe, ibaki ya kufungia kuni. Aidha, kamba ya kushushia watu inapaswa kuwa nzima, isiyo na kiungo chochote.

Kamba za plastiki nazo zina adui yao. Haziozi kwa maji, lakini jua huzila na msuguano kwenye gogo la winchi huziyeyusha. Zifunikwe kazi inapokwisha. Ya mkonge ianikwe ikauke kabla ya kuviringishwa.

Inashangaza kwamba nchi yetu, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, ina watu wengi wanaonunua kamba bila kujua kuitunza. Hapa Bukombe kuna kituo cha mfano cha Katente, chini ya STAMICO, kilichojengwa kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Somo la kamba linaweza kufundishwa pale kwa siku moja, na gharama yake ni vijiti vichache na vipande vya kamba kuukuu.

Mwenye duara anayesubiri somo hilo anaweza kuanza leo. Kabla ya mtu wa kwanza kushuka asubuhi, kamba ipite mikononi, futi kwa futi, na kijiti kikiwa tayari.