Michezo ya Nyumbani na Msamiati wa Kiingereza kwa Watoto Wadogo

Makala haya yanakusudia kueleza namna michezo ya nyumbani inavyoweza kumjengea mtoto mdogo msamiati wa Kiingereza, na hasa kuonyesha ni kwa nini michezo mingine huzaa maneno na mingine huzaa ukimya. Suala lenyewe si geni nchini Kenya. Ripoti ya Kamati ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza kwamba lugha itumikayo katika eneo la shule ndiyo ifundishie katika madarasa matatu ya kwanza, na mtaala wa umilisi, ambao mwongozo wake ulitolewa 2017, umeshikilia msimamo uo huo. Hata hivyo wazazi wengi wa mijini hawangoji. Hutaka mtoto aingie shuleni akiwa tayari na maneno ya Kiingereza, na wengine, kwa pupa hiyo, huacha kabisa kusema naye lugha yao wenyewe. Aghalabu matokeo yake ni mtoto awezaye kutaja rangi zote za kitabuni na wanyama wote wa mbugani, lakini asiyeweza kueleza, kwa lugha yoyote, kwamba kikombe kimemponyoka kikavunjika.

Yafaa kwanza kupambanua baina ya kulitaja neno na kulijua. Mchezo unaopendwa mno majumbani ni ule wa mzazi kunyoosha kidole na kuuliza jina la kitu. Huo kwa hakika si mchezo bali ni mtihani. Muulizaji analijua jibu, mtoto anafahamu kwamba analijua, na jina likishatajwa hakuna jambo lolote linalotendeka. Susan Carey na Elsa Bartlett walionyesha njia nyingine katika utafiti wao wa 1978 huko Marekani. Watoto wa miaka mitatu na minne waliombwa, katikati ya shughuli zao za kawaida, walete sinia ya rangi iliyoitwa kwa neno wasilolijua, wala si ile ya rangi waliyoifahamu. Rangi yenyewe ilikuwa ya kijani cha zeituni, na neno lilikuwa ‘chromium’. Hakuna aliyewafafanulia. Walilazimika kuchagua ili kazi iendelee, na kwa kuchagua wakabaini maana. Siku kadhaa baadaye wengi wao walikuwa wangali na kumbukumbu fulani ya neno hilo, japo kwa baadhi kumbukumbu hiyo ilikuwa kwamba hilo ni jina la rangi tu, bila kujua ni ipi. Basi neno hunata pale kitendo kinapolihitaji, na kukutana nalo mara moja ni mwanzo tu.

Kwa kipimo hicho, mchezo wa kujificha na kutafutana una thamani kubwa, na sababu yake ni ya kiisimu. Kiswahili kina kiambishi tamati -ni, ambacho huligeuza jina la kitu kuwa mahali: meza huwa mezani, sanduku huwa sandukuni. Kiingereza hakina ukarimu huo. Msemaji sharti achague baina ya ‘on’, ‘in’ na ‘at’. Mtu angedhani kwamba mtoto msemaji wa Kiswahili hana fikira hizo. Sivyo. Asemapo sandukuni mna panya, mezani pana kitabu, na sokoni kuna watu, keshatenga ndani, mahali mahususi, na mahali pa jumla. Mipaka ya lugha hizi mbili hailingani sawasawa, lakini kazi ya kufikiri juu ya mahali imekwisha kuanzwa na lugha ya kwanza.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Mtoto huficha kijiko, kisha humwagiza mzazi kwa Kiingereza mahali pa kukitafuta: ‘under the bed’, ‘behind the door’, ‘in the pot’. Mzazi huenda pale pale alipotumwa. Mtoto akisema ‘on’ huku akikusudia ‘under’, mzazi atapapasa juu ya kitanda na kijiko kiko chini yake, na mtoto hatastahimili kuona hivyo. Atatafuta neno jingine bila ya kukemewa na mtu.

Tajiri zaidi ni mchezo wa kuigiza nyumba, ambao watoto wa Nairobi huuita kalongolongo. Hapa vitenzi huja vyenyewe, na vitenzi ndivyo vinavyosahauliwa na wazazi wapendao orodha za majina. Kiswahili hutenga kunawa mikono, kuosha vyombo na kufua nguo. Kiingereza huviweka vyote chini ya ‘wash’. Kadhalika mpunga wa shambani, mchele wa dukani na wali wa sahanini vyote huitwa ‘rice’. Mtoto aligunduapo jambo hilo huona kwamba Kiingereza kina umaskini wake, na mshangao huo usizimwe. Upande wa pili, mkono ni ‘hand’ na pia ‘arm’, kidole ni ‘finger’ na pia ‘toe’, na kitenzi kuazima hubeba ‘borrow’ na ‘lend’ kwa pamoja. Jozi hii ya mwisho huwasumbua hata wanafunzi wa sekondari. Lakini katika kalongolongo mmoja ana sufuria na jirani hana: huyu ataomba kwa ‘borrow’, yule atakubali kwa ‘lend’, kisha watabadilishana nafasi. Jerome Bruner, aliyechunguza mchezo wa kufunika uso na kuufunua baina ya mama na mtoto mchanga, alionyesha kwamba mtoto huanza kwa kutendewa na mwishowe hushika yeye uongozi. Katika kuazimana sufuria, kubadilishana nafasi ndiko kunakomlazimisha mtoto kutenganisha maneno mawili ambayo lugha yake imeyaunganisha.

Tena, sufuria hiyo huwa ni kifuu, na wali huwa ni mchanga. Hilo si upungufu. Lev Vygotsky, katika mhadhara wake wa 1933 juu ya mchezo, alieleza kwamba mtoto anayepanda fimbo na kuiona farasi hujifunza kuitenga maana na kitu chenyewe. Mtoto auitaye mchanga ‘rice’ huku akijua fika kwamba ni mchanga amelimiliki neno kuliko aliyefundishwa kwa picha.

Ama kuhusu vitendawili, jamii ilikwisha kuacha chombo kilicho tayari. Mtegaji huita, wenzake hukubali kutegewa, fumbo hutolewa, na wakishindwa huombwa mji. Apewapo mji hujigamba kidogo, kisha hulitoa jibu. Fumbo laweza kusemwa kwa Kiingereza chepesi, kwa mfano kitu cheupe, kitokacho kwa kuku, kiangukapo huvunjika, huku mwito na mwitikio vikibaki vya Kiswahili. Mchanganyiko huo utawaudhi wapenda usafi wa lugha, lakini desturi aliyoizoea ndiyo impayo mtoto ujasiri wa kujaribu.

Yafaa kuulinganisha utaratibu huu na ule alioueleza Ngũgĩ wa Thiong’o katika *Decolonising the Mind*, kitabu kilichochapishwa 1986. Katika shule ya utoto wake, mwanafunzi mmoja alipewa kifungo ampe yeyote atakayesikika akisema lugha ya mama. Jioni aliyekutwa nacho alimtaja aliyempa, na hivyo hivyo hadi wakosaji wote wakajulikana. Kwa umbo, huo nao ni mchezo: una zamu, una alama inayozunguka, una mshinde. Tofauti iko katika kile akipatacho mshinde. Katika kitendawili aliyeshindwa hupewa neno. Katika kifungo hunyang’anywa alilokuwa nalo. Nyumba nyingi za leo zina kifungo chao bila ya kujua. Mtoto aombaye maji huzuiliwa kikombe mpaka aseme ‘water’. Neno atalijifunza, na pamoja nalo atajifunza kwamba lugha ya nyanya yake haileti maji.

Mara nyingi huulizwa afanye nini mzazi ambaye Kiingereza chake ni haba. Mzazi huyo hajapungukiwa na kitu kikubwa, kwani maneno matatu au manne mapya yatosha kwa mchezo mmoja, mradi yarudi kesho na keshokutwa katika mchezo ule ule. Mazungumzo mengine yote, yaani visa vya siku, sababu za mambo, mizaha na maonyo, yaendelee katika lugha aimilikiyo, kwa kuwa huko ndiko mtoto anakopata fikira ambazo maneno ya Kiingereza yatakuja kuzitaja. Nao mchezo ukome mtoto angali anautaka. Dalili ya kwamba umefaulu si idadi ya maneno aliyoyakariri mbele ya wageni. Ni pale atakapoanza kutega fumbo lake mwenyewe, kwa Kiingereza cha kuungaunga, na mzazi akashindwa kwa kweli, ikambidi atoe mji.