Nguvu za Kiume: Vinasaba Vina Nafasi, Vipimo Vina Majibu

Upungufu wa nguvu za kiume si matokeo ya kurogwa, bali ni hali ya kiafya yenye vyanzo vinavyofahamika, vikiwemo vinasaba. Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani waliochunguza wanaume 36,649 walibaini eneo katika kromosomu ya sita, karibu na jeni iitwayo SIM1, ambalo mabadiliko yake huongeza uwezekano wa tatizo hilo kwa takriban asilimia 26.

Hata hivyo, kurithi uwezekano si kurithi ugonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionesha kuwa zaidi ya nusu ya wanaume wenye kisukari waliochunguzwa katika kliniki ya Hospitali ya Taifa Muhimbili walikuwa na tatizo hilo. Sukari nyingi huharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Aidha, hali hiyo huweza kutangulia ugonjwa wa moyo. Anayeificha kwa dawa za mitaani huficha pia dalili ya hatari.

Jijini Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilifanya upasuaji wa kuweka vipandikizi mwaka 2023. Wengi, hata hivyo, huanzia mbali na chumba cha upasuaji: kupima sukari na shinikizo la damu katika kituo cha afya kilicho karibu.