Jua la Mlimani Halingoji Kamati

Harusi nyingi za mijini Tanzania huanzia kwenye ukumbi. Kamati ikikaa kikao cha kwanza, swali la mwanzo ni ukumbi gani na unachukua watu wangapi. Tarehe hufuata siku ambayo ukumbi uko wazi, kadi za michango hufuata tarehe, na mpiga picha hutafutwa mwishoni, ikishajulikana fedha iliyobaki. Ndoa inafungwa saa nane au saa tisa alasiri, msafara wa magari unazunguka mji ukitanguliwa na matarumbeta, na maharusi wanaingia ukumbini saa mbili usiku. Kwa Dar es Salaam mpangilio huo una sababu zake: mchana ni joto na jasho, na ukumbi wenye kiyoyozi na taa za rangi ndiyo starehe yenyewe. Lakini maharusi wanaoamua kuwapeleka ndugu na marafiki Mbeya au Iringa kwa siku mbili tatu, kwa ajili ya milima, mara nyingi huubeba mpangilio huohuo kama ulivyo. Wageni waliosafiri kilomita 500 au 800 wanajikuta wamefungiwa ndani usiku, mapazia yameshushwa, na picha zinazorudi nyumbani haziwezi kumwambia mtu kama sherehe ilikuwa Mbeya au Sinza. Hoja yangu ni kwamba harusi ya mlimani ipangwe kwa kufuata jua na majira kwanza, ukumbi baadaye, na kwa sababu hiyo mpiga picha awepo tangu kikao cha kwanza cha kamati.

Tuanze na jua lenyewe, kwa kuwa halina mjadala. Saa za Mbeya na Dar es Salaam ni zilezile, lakini Mbeya iko mbali sana magharibi, kwa hiyo jua lake huchelewa kutua kwa zaidi ya dakika 20. Mwezi wa Juni linatua karibu saa 12 na nusu jioni. Desemba linafika saa 1 usiku na dakika chache. Huo ni upeo wa tambarare. Mlimani jua hujificha nyuma ya kilele mapema zaidi, na bonde likishaingia kivuli, rangi zote hupoa kwa mara moja. Tena nchi zetu za tropiki hazina jioni ndefu kama ya Ulaya. Jua likizama, giza halikawii. Mwanga mzuri wa jioni, ule wa manjano unaokuja kwa ubavu na kuchora kila mkunjo wa kilima, ni wa kuanzia kama saa 11 hadi saa 12 na robo. Maharusi waliofunga ndoa saa tisa, wakapiga picha na kila kikundi mlangoni pa kanisa, wakazungushwa mjini na matarumbeta, hawaukuti. Waliofunga saa nne asubuhi wanakula na wageni saa saba, wanasikiliza nasaha, na saa kumi na nusu wanaingia garini kwenda kilimani bila haraka. Anayetazama ratiba hizo mbili ataona kwamba gharama haijaongezeka hata shilingi.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo mpiga picha mzuri hulifuatilia na kamati haina haja ya kulijua, ila inafaa imsikilize anapolisema. Safu ya milima ya Mbeya, pamoja na kilele cha Loleza kinachoutazama mji, iko kaskazini mwa jiji. Juni na Julai jua la mchana nalo hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo anayepiga picha kutoka mjini akiwaweka maharusi mbele ya Loleza anapiga akielekea kwenye mwanga, na mlima unatoka mweusi bila sura. Desemba jua hupita kusini, na mlima uleule unang'aa hadi miti yake inahesabika. Basi mtu akisema anataka Loleza nyuma yake, jibu la kweli linategemea mwezi na saa.

Majira ndiyo yanayowachanganya watu, kwa sababu tunasema Nyanda za Juu Kusini kana kwamba ni mahali pamoja. Mvua huanza Novemba na kwa sehemu kubwa huisha Aprili au Mei, hilo ni la wote. Baada ya hapo kila wilaya ina tabia yake. Tukuyu, kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili na Mei ndiyo miezi yake ya kuloana hasa. Mji wa Iringa haupati hata nusu ya hiyo. Kwa Iringa na kwa Mbeya mjini, nafasi bora ni kuanzia katikati ya Mei hadi mwanzoni mwa Juni: mvua imekatika, vumbi halijaanza, na nyasi bado ni za kijani. Ukichelewa hadi Agosti na Septemba nyasi zimekauka, mashamba yanachomwa, na moshi unatanda hadi milima ya mbali inapotea. Lakini Rungwe mambo ni kinyume. Huko Mei ni ya matope, na Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya uhakika, tena mashamba ya chai hayajui kiangazi. Yanabaki kijani mwaka mzima. Mufindi nako kuna chai na misitu, ila miezi ya Juni hadi Agosti huwa na ukungu na manyunyu ya baridi kutoka kusini-mashariki hata pale Iringa mjini kunapokuwa na jua kali. Kwa hiyo atakayesema tu “tufanye harusi Nyanda za Juu mwezi wa tano” hajasema kitu. Aseme Gangilonga pale Iringa mjini, au aseme Tukuyu.

Kuna wanaotaka maua, na wanaotaka maua huishia kuitaja Kitulo. Wana haki. Uwanda ule uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, wenyeji huuita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa kwa ajili ya mimea yake hasa. Una aina zaidi ya 40 za okidi za ardhini. Shida ni kwamba maua hayo ni ya masika: kuanzia Desemba hadi Aprili, wakati barabara za kupandia kule zinateleza na mvua hunyesha karibu kila alasiri. Anayeitaka Kitulo ya maua apange picha asubuhi, gari liwe la kupanda milima, na viatu vya harusi vibaki kwenye kasha hadi dakika ya mwisho, maana kisigino chembamba huzama chote kwenye udongo ule mweusi wa volkano na bibi harusi akivuta mguu kiatu hubaki ardhini. Ni hifadhi iliyo chini ya TANAPA, kwa hiyo kiingilio na kibali cha kupiga picha za kazi viulizwe mapema, si getini. Droni nayo ina kibali chake kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na ua lisichumwe hata moja. Okidi za huko zimechimbwa kwa miaka mingi kwa ajili ya viazi vyake, vinavyouzwa Zambia kutengeneza chakula kiitwacho chikanda, na uchimbaji huo ni mojawapo ya sababu za uwanda kulindwa. Shada la bibi harusi linaweza kutoka kwenye bustani ya mtu yeyote.

Sasa picha zenyewe. Kamera haioni kama jicho. Hupima mwanga wote ulio mbele yake, ikatafuta wastani. Mweke bibi harusi mwenye ngozi nyeusi, ndani ya gauni jeupe, mbele ya ukungu mweupe wa milima ya Uporoto: kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na gauni linatoka kijivu na uso unatoka giza. Tatizo la ngozi nyeusi kwenye picha lina historia yake. Kuanzia miaka ya 1950 maabara zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zilizopewa jina la Shirley, na ni miaka ya 1990 tu ndipo kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilipotolewa. Kamera za leo zinaweza kuionyesha ngozi yetu vizuri sana, ila mpigaji lazima apime mwanga usoni, si kwenye gauni wala angani. Namna ya kumjua anayeweza ni rahisi. Usikubali kuonyeshwa picha kumi bora za harusi kumi. Omba uone harusi moja nzima iliyofanyika nje mchana, na utazame nyuso za watu walio pembeni, wajomba na mashangazi, si za maharusi peke yao.

Ukungu, kwa njia, si adui kama kamati zinavyodhani. Ukungu ni kama pazia jeupe lililotandazwa juu ya shamba zima: unaondoa vivuli vikali chini ya macho na pua, ngozi inalainika, na chai ya Katumba huko Rungwe inatoka kijani kibichi kuliko ilivyo juani. Kinachotakiwa ni kuwasogeza maharusi karibu na kamera na kuacha kungoja kilele kionekane. Kinachoharibu kazi ni baridi. Joto hupungua zaidi ya nusu ya nyuzi kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo Kitulo ni baridi kuliko pwani kwa nyuzi 15 na zaidi. Mabega yaliyo wazi hutetemeka baada ya dakika chache na tabasamu hukakamaa. Betri huisha upesi. Lenzi iliyokaa nje ikiingizwa penye joto la watu hufunga mvuke na hakuna picha hadi ikauke. Shuka zito na chupa ya chai ya tangawizi viwe garini, na picha za kileleni ziwe za robo saa.

Wapo watakaosema haya yote ni mambo ya kuiga, kwamba harusi ya shambani yenye meza za mbao na taa kwenye miti ni fasheni ya Wazungu tuliyoiona kwenye simu. Nakubali kwamba mapambo yake mengi yameigwa. Mtu anayesafirisha mbao kuukuu kutoka Dar es Salaam hadi Mafinga, kwenye msitu wa Sao Hill, shamba la miti ya kupandwa lililo kubwa kuliko yote nchini, hakika anaiga. Lakini sherehe ya nje, ya mchana, inayoendelea siku kadhaa, ndiyo harusi yetu ya zamani. Ukumbi ndio mgeni. Na vitu vya hapa vipo: vikapu vya milulu vya Iringa, mianzi, viazi mviringo vya Uporoto, ndizi na maparachichi ya Rungwe, mchele wa Kyela. Ulanzi ukigemwa asubuhi ni mtamu kama juisi, ukilala unachacha na kuwa mkali, na hupatikana masika, kwa hiyo hata kinywaji kinafuata majira. Kanisa nalo lina utaratibu wake. Wakatoliki kwa kawaida hufungia ndoa kanisani, si kilimani, na hilo halipunguzi kitu pale ambapo kuna kanisa kongwe la Tosamaganga nje kidogo ya Iringa. Wamoravian wana misheni yao ya Rungwe iliyoanza 1891.

Pingamizi zito zaidi ni la michango. Aliyechanga anataka kula, kunywa na kucheza usiku; ukimwita shambani saa saba mchana atajiona amedhulumiwa. Ni kweli, na kamati inayodharau hilo itapata maneno. Ndiyo maana nasema ukumbi uje baadaye, sikusema uondolewe. Jua likizama, baridi yenyewe itawaingiza watu ndani, na muziki upigwe. Mnuso wa usiku hauhitaji tena kubeba kila kitu, kwa hiyo unaweza kuwa mdogo na fedha ikaenda kwenye mabasi na malazi. Hapo ndipo inapopungua kwa kawaida. Kutoka Dar hadi Iringa ni siku nzima barabarani pamoja na mlima wa Kitonga, na hadi Mbeya ni zaidi. Reli ya TAZARA ipo, uwanja wa ndege wa Songwe umekuwepo tangu 2012, lakini wageni wengi watakuja kwa basi. Mgeni anayefika Jumamosi mchana anafika amechoka, mara nyingi ndoa imeshafungwa. Wafike Ijumaa jioni. Kadi iseme hivyo kwa maandishi makubwa kuliko jina la ukumbi, na itaje sweta.

Mabasi yakishalala Ijumaa na Jumamosi, kuna Jumapili asubuhi, na kamati nyingi huiacha iende bure. Iringa mwezi wa Juni jua huchomoza kama saa 12 na dakika 45. Mwanga wake ni msafi kuliko wa jioni kwa sababu hakuna vumbi wala moshi, na wakati huo wazee wameshaamka. Bibi yuko kwenye benchi nje ya nyumba ya wageni, amejifunika kitenge juu ya sweta, kikombe cha chai kinatoa mvuke mkononi, na bado hajaambiwa ajipange. Mpiga picha aliyelipwa kwa Jumamosi peke yake wakati huo yuko barabarani anarudi mjini. Alipwe hadi saa nne ya Jumapili, mabasi yatakapoondoka.