Kabla ya Kusema "Ling'oe"

Jino likimkesha mtu hapa Bujumbura, asubuhi anamwendea daktari na neno moja: ling'oe. Lakini gego la mtu mzima likishatoka halioti tena, na mengi yanayong'olewa yangeweza kutibika.

Kwa muda mrefu magego yaliyotoboka yamezibwa kwa amalgamu, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Mwaka 2025, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kuiacha ifikapo 2034. Kwa mji unaokula mukeke na ndagala, samaki wa Ziwa Tanganyika, hiyo ni heri: zebaki ikifika majini huishia ndani ya samaki.

Inayoshika nafasi ya amalgamu ni kompositi, yaani resini iliyochanganywa na chembe za kioo, kazi iliyoasisiwa na Mmarekani Rafael Bowen kwenye miaka ya 1960. Ina rangi ya jino, ila kwenye tundu kubwa la gego huweza kupasuka. Ndiyo maana siku hizi hutiwa nyuzi fupi za kioo. Fundi wa nyumba za udongo anaijua kanuni hiyo: udongo mtupu hupasuka, wenye majani hushikana. Ufa ukikutana na uzi hupinda na kuishiwa nguvu.

Kazi yenyewe inataka utulivu. Daktari huondoa uozo, hulizungushia jino mpira mwembamba kuzuia mate, hupaka asidi, husuuza, hukausha, kisha hupaka gundi na kuimulika. Kompositi ya nyuzi hukaa chini. Juu yake huja ya kawaida, milimita 1 au 2, kwa kuwa nyuzi zikiachwa wazi hukwaruza na kushika uchafu. Kila tabaka hugandishwa kwa taa ya buluu. Taa ikififia, resini hubaki mbichi ndani. Kwenye mji wa umeme wa kukatikakatika, kuichaji mapema ni sehemu ya tiba.

Jino lililotibiwa mizizi huweza kuwekewa kijiti cha nyuzi za kioo ndani ya mzizi. Chuma cha pua ni kikakamavu kuliko dentini, yaani mwili wa jino, takriban mara kumi, nacho huweza kuupasua mzizi. Cha nyuzi hupinda pamoja na jino. Hata hivyo, kijiti hushikilia kizibo tu. Kinacholilinda jino ni ukuta wake wenyewe, angalau milimita 2 juu ya ufizi.

Kwa hiyo, uwe Buyenzi au Kamenge, mwulize daktari: ukuta uliobaki unatosha? Na uende mapema, ukuta huo ungali umesimama.